Uliza Maiki Inakataa Nini

Mazungumzo ya leo ni ya wale ambao kila Ijumaa jioni wanapakia spika kwenye tuktuk na pikapu: mafundi mitambo wa arusi, wa makanisa, wa maulidi na wa bendi za hotelini. Ni ya waimbaji pia, kwa sababu maiki ikipiga mluzi macho yote huwageukia wao.

Vijana wanaoanza kazi hii wana swali moja lisilowatoka mdomoni. Ninunue maiki ya kondensa ya kushika mkononi? Wameona video ya mwimbaji wa ibada wa ng'ambo, sauti inang'aa, kila herufi inasikika, na mtu amewanong'oneza kwamba siri yote iko kwenye maiki. Basi wanaanza kuweka pesa. Jawabu langu ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu: kabla hujauliza maiki inasikia nini, uliza inakataa nini. Majukwaa yetu ya Mombasa bara, Likoni, Kisauni na Changamwe, yana kelele kubwa kuliko sauti ya huyo anayeimba. Ukinunua kwa kutazama uhodari wa kusikia peke yake, umenunua na hizo kelele.

Tuanze na kilichomo ndani. Maiki mnayoijua nyote, ile yenye kichwa cha wavu cha mviringo, Shure SM58, imekuwako tangu 1966. Hiyo ni dainamiki. Ndani yake mna utando uliobandikwa koili ndogo ya waya, koili inacheza kwenye sumaku, na kule kucheza ndiko kunakozaa umeme. Haiombi stima popote. Ukiiangusha sakafuni unaiokota na kuendelea, na wengi wenu mmeshaiangusha.

Kondensa haina koili. Ina utando mwembamba mno, uliopakwa tabaka jembamba la metali, mara nyingi dhahabu, na nyuma yake kuna sahani iliyokaa karibu sana bila kuugusa. Kati ya viwili hivyo kuna chaji ya umeme. Sauti ikiusukuma utando, ile nafasi inapungua na kupanuka, na saketi ndogo ndani ya mpini inaligeuza badiliko hilo kuwa umeme wa sauti unaoupeleka kwenye miksa. Kwa kuwa utando haubebi mzigo wa koili, unaweza kufuata hata mitikisiko ya kasi kabisa. SM58 inaishia kwenye hezi 15,000. Beta 87A, kondensa ya kampuni hiyo hiyo, inafika 20,000. Zile za juu ndizo mnazozisikia kwenye video na kusema sauti inang'aa: pumzi kabla ya neno, mkwaruzo wa "s", na ule mwisho wa "sh" ambao kwenye maiki nyingine humezwa.

Wala kondensa si kitu cha jana. E. C. Wente aliitengeneza mwaka 1916 kwenye maabara za kampuni ya simu ya Bell, Marekani. Mwaka 1962, wahandisi wawili wa Bell, Gerhard Sessler na James West, wakatoa kondensa ya elektreti, ambayo utando wake unatunza chaji yenyewe. West ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Virginia, na kazi yao ndiyo iliyoishusha bei ya kondensa hadi ikaenea kwenye kinasa sauti na simu za watu wa kawaida.

Na zile volti 48? Mwaka 1966, mwaka ule ule wa SM58, kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipeleka maiki mpya kwa shirika la utangazaji la Norway. Wanorway walitaka maiki iletewe umeme kupitia waya ule ule wa sauti. Studio zao tayari zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za dharura, basi ukatumiwa huo huo, na dunia nzima ikafuata. Sisi stima ikipotea taa ya dharura ni tochi ya simu, lakini miksa karibu zote zinazouzwa hapa Mombasa zina swichi iliyoandikwa 48, na asili yake ni taa za Norway.

Sasa tuje kwenye kukataa, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Kila maiki ya jukwaani ina upande inaosikia na upande ambao ni kiziwi. SM58 ni ya aina inayoitwa kadioidi: inasikia mbele, inasikia kidogo ubavuni, na kisogoni, pale unapotoka waya, ni kiziwi kabisa. Kwa hiyo monita, ile spika ya chini inayomrudishia mwimbaji sauti yake, unaiweka mbele ya miguu yake, ikiangalia mkia wa maiki. Hilo kila fundi analijua hata kama hajawahi kuambiwa sababu yake.

Kondensa nyingi za mkononi ni za aina nyingine, superkadioidi. Beta 87A ni superkadioidi. Sennheiser e 865 ni superkadioidi. Neumann KMS 105 vilevile. Hizi zinabana zaidi upande wa mbele, ila zinabaki na kijisikio kidogo kisogoni. Uziwi wake umehamia pembeni mwa kisogo, kama nyuzi 126 kutoka mbele. Chukua uso wa saa ya ukutani: mdomo wa mwimbaji uko kwenye namba 12, basi sehemu zisizosikia ziko karibu na namba 4 na namba 8. Kwenye namba 6, pale ulipozoea kuweka monita, inasikia!

Kijana ananunua Beta 87A kwa jasho lake, anaipeleka kanisani Mikindani, anaiweka mahali pa SM58 bila kusogeza monita hata shubiri moja. Inalia. Anashusha sauti, mwimbaji analalamika hajisikii, anapandisha, inalia tena. Jioni anatangaza kwamba kondensa hazifai kwa hali ya hewa yetu. Monita ingehama ikakaa pembeni, mambo yangekuwa mengine. Asiyetaka kuhamisha chochote anunue Beta 87C, ndugu yake 87A, ambayo ni kadioidi, au KMS 104 badala ya 105. Herufi moja na tarakimu moja kwenye sanduku zina uzito kuliko rangi yake, na muuzaji mara nyingi hatakwambia.

Halafu kumbuka kwamba maiki ya mkononi haikai mahali pamoja. Mwimbaji akimaliza ubeti anateremsha mkono, kichwa cha maiki kinaitazama monita uso kwa uso. Mshereheshaji anatoka jukwaani akamfuate bibi arusi mlangoni, anapita mbele ya spika kubwa. Hapo namba 4 na namba 8 hazina maana tena. Mshereheshaji wa arusi mpe dainamiki isiyo na waya, na usibishane naye.

Kuna na ile arusi ya uani, ambayo mafundi wa Likoni na Kisauni wanaijua vizuri kuliko mtu yeyote. Turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, kuta za matofali huku na huku, nafasi ya kupita ni ya mtu mmoja. Spika hazina pa kukaa ila nyuma ya waimbaji. Hakuna maiki iliyotengenezwa duniani itakayokuokoa, kwa sababu spika sasa iko upande ule ule inaosikilizia maiki. Sogeza spika mbele hata mita mbili, hata kama itabidi umwombe jirani ukumbi wake. Kama sherehe ni ya wanawake peke yao, na wewe fundi mwanamume umekaa nje ya pazia, huwezi kuona nani anatembea wapi na maiki. Huko dainamiki ni salama yako.

Paa nalo linaamua. Chini ya makuti sauti hupanda na kupotea. Yale majani yanaivunja. Ndiyo maana bendi za hoteli za ufukwe wa kusini na kaskazini zinaweza kutumia kondensa bila taabu kubwa. Chini ya mabati, na kuta za matofali yaliyopigwa plasta, sauti inarudi kutoka kila upande, na upande kiziwi wa maiki haukusaidii kama ambavyo ungekusaidia mitambo ikiwa nje. Kanisa la mabati lenye spika kubwa kupita kiasi ni mahali pa mwisho pa kujaribia kondensa.

Sasa niseme juu ya imani moja iliyoenea: kwamba kondensa "inavuta" sauti za mbali. Utaambiwa iko Changamwe na inasikia ndege ikitua uwanja wa Moi. Ukweli uko nusu tu. Kondensa inatoa umeme mwingi zaidi kwa sauti ile ile. SM58 inatoa milivolti 1.85 pale KMS 105 inapotoa 4.5. Lakini hicho ni kipimo cha nguvu, na nguvu unaipunguza kwenye nobu ya geini. Ukishazilinganisha, ndege haijaongezeka. Kinachoamua ni umbali wa mdomo. Mdomo ukiwa sentimita 3 kutoka kwenye wavu, kisha ukausogeza hadi sentimita 30, sauti ya mwimbaji inashuka kwa desibeli zipatazo 20, na ndege, na pikipiki, na spika za jirani zimebaki pale pale. Fundi anapandisha geini kuifukuzia sauti, na kila kitu kinapanda nayo. Mwimbaji anayeshika maiki kifuani ataiharibu kondensa ya bei yoyote, na ataiharibu SM58 pia.

Nusu iliyo kweli ni hii: zile sauti za juu ambazo kondensa inazipata kwa urahisi ni pamoja na matoazi ya ngoma. Makanisa mengi yetu yana seti ya ngoma iliyokaa hatua mbili nyuma ya waimbaji. Matoazi yanaingia kwenye maiki ya sauti, yanatoka yakiwa makali, na ukipunguza makali hayo umeupunguza na ule mng'aro ulioulipia. Kama huwezi kumtuliza mpiga ngoma, bakia na dainamiki. Na uzime maiki ambazo hakuna anayeziimbia. Kila unapoongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi, nafasi yako kabla ya mluzi inapungua kwa desibeli 3. Kwaya yenye maiki nane wazi badala ya moja imepoteza desibeli 9 kabla hata ya kufungua mdomo.

Jambo la mkono nalitaja kwa haraka kwa sababu limesemwa sana na halisikiki. Vijana wa rap hukifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja. Uziwi wa maiki unatokana na nyufa zilizo nyuma ya utando, ambazo huruhusu sauti ya kisogoni iingie kwa mlango wa pili na kujifuta yenyewe. Ukiziziba kwa kiganja, maiki inasikia pande zote, sauti inakuwa ya pua, na mluzi uko njiani. Shika mpini.

Basi kondensa ni ya nani huku kwetu? Kwanza ni ya taarabu, ile taarabu ya kukaa na kusikiliza. Mombasa imekuwa na waimbaji ambao sanaa yao ilikuwa kwenye mapambo madogo madogo ya koo. Zein l'Abdin na udi wake, aliyetutoka 2016. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, na ile sauti yake ya juu yenye ladha ya Kihindi. Udi ni chombo cha sauti ndogo, na kikundi kimeketi, hakuna anayerukaruka. Mwimbaji anaweza kuambiwa kaa hapa naye akakaa. Hapo kondensa inarudisha pesa yake. Ukiwa na kikundi cha aina ya kile cha mwimbaji Maulidi Juma, chenye tashkota (kinanda cha nyuzi) iliyochomekwa kwenye ampu, ngoma za chakacha na watu wanaosimama kutunza, rudi kwenye hesabu zile za kelele nilizozitaja.

Bango iko katikati. Mtindo huu ulianzishwa na Joseph Ngala wa Freretown, pale Kisauni, na saksafoni ndiyo roho yake. Wapo wanaoogopa kwamba saksafoni ikipulizwa karibu itapasua utando wa kondensa. Haipasui. KMS 105 imetengenezwa kustahimili desibeli 150, na hakuna saksafoni inayofika huko. Tatizo litakuwa ni saksafoni kuingia kwenye maiki ya sauti, na hilo unalitatua kwa kumsogeza mpigaji ubavuni mwa mwimbaji, mbele kidogo, upande ule wa namba 4 au 8.

Pili ni ya wasomaji wa kasida na Kurani, kwa sababu ya herufi. Tofauti ya "th" na "s", ya "dh" na "z", imekaa kwenye sauti za juu na dhaifu, na maiki hafifu huzichanganya. Anayesoma anajua herufi ikibadilika maana imebadilika. Lakini angalia sauti inatokea wapi. Kama inatoka kwenye pembe za mnarani, zile spika za tarumbeta, pembe haziwezi kutoa sauti za juu kabisa, na kondensa yako imeishia kwenye waya. Kama ni ukumbini, kwenye spika nzuri, utasikia tofauti kuanzia aya ya kwanza.

Nasi watu wa Mvita tuna jambo letu la pumzi. Paa la nyumba na paa wa msituni tunavitenganisha kwa pumzi tu, na pumzi hiyo ya paa wa msituni, ikipigwa moja kwa moja kwenye utando wa kondensa, inapasuka kwenye spika. Mtie mwimbaji sponji juu ya wavu, mwambie aiimbie maiki kwa pembeni kidogo, na ubonyeze kwenye miksa ile swichi inayokata sauti za chini ya hezi 80 au 100. Mwimbaji wa bara ya Kenya hatakusumbua hivyo. Wa Kibokoni au wa Mtongwe atakusumbua, na ana haki.

Unyevu sasa. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi mwaka mzima, na kusi ikileta mvua unazidi. Kondensa inaishi kwa ile chaji kati ya utando na sahani. Maji yakitanda hapo, chaji inavuja, na unasikia inatatarika. Ukiitoa kwenye gari lenye kiyoyozi ukaiingiza moja kwa moja kwenye ukumbi wa joto, umeitia umande mwenyewe. Iache ndani ya kasha nusu saa izoee. Usiku ifute, uifungie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Chumvi ya baharini itaanza na wavu na pini za waya, hivyo zitazame kila mwezi. Dainamiki nayo hupata kutu, ila haitatariki.

Umeme wa kuilisha ni sharti. Ampu ndogo nyingi za matangazo zina tundu la jeki peke yake, hazina volti 48, na kondensa ya waya haitasema neno humo hata uibembeleze. Lazima iwe miksa yenye swichi hiyo na kebo ya XLR pande zote mbili. Miksa nyingi ndogo zina swichi moja kwa tundu zote. Volti hizo zitafika na kwenye dainamiki, lakini yenye kebo nzima haitadhurika. Punguza sauti kabla ya kuiwasha au kuizima, la sivyo spika zitapiga kishindo. Za bila waya hazina shida hii, kwa kuwa betri ya kitoa mawimbi ndiyo inayolisha kichwa, na kichwa cha SM86 (kondensa nyingine ya Shure) au Beta 87A unaweza kukipata humo.

Bei zenyewe: huko Marekani kwa miaka mingi SM58 iliuzwa karibu dola 100, Beta 87A zaidi ya mara mbili ya hiyo, na KMS 105 zaidi ya mara sita. Ikifika hapa imeshaongezewa. Fundi mwenye maiki moja mbovu anahitaji SM58 mbili halisi kuliko kondensa moja. Mwenye nne nzuri na wateja wa taarabu au wa hoteli, aanze na Beta 87A au e 865. Neumann ni kwa yule ambaye mteja ndiye anayeilipia.

Nimesema halisi, kwa sababu za bandia zimejaa, zina jina lile lile na sanduku lile lile. SM58 ya kweli ina uzito wa gramu 298; pita nayo kwa mwenye mizani ya jikoni. Kondensa ya bandia kuijua ni rahisi zaidi. Beta 87A ya waya haina betri na haiwezi kufanya kazi bila kulishwa. Mwambie muuzaji aichomeke kwenye miksa, azime swichi ya 48, kisha uongee. Ikitoa sauti, ndani mna dainamiki ya bei rahisi. Ikinyamaza, mwambie awashe 48, uongee tena, uigeuze pole pole usikie inapofifia. Sauti inapaswa kupotea zaidi pale pembeni mwa kisogo. Ikisikia sawasawa pande zote, mrudishie maiki yake, pesa zikae mfukoni.